Uzito Uko Nchani
Kwenye pool, gonga mpira mweupe upande wa kulia, nao hutoka ukienda kushoto kidogo kuliko ulivyolenga. Mchawi ni uzito wa ncha ya fimbo: ukizidi, mpira husukumwa kando zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa fimbo, Predator, walitoboa tundu ndani ya ncha ya fimbo yao ya 314, kisha mwaka 2016 wakaleta Revo ya nyuzi za kaboni. Zote hupunguza mchepuko, hakuna inayoumaliza. Tena, anayetoka kwenye fimbo ya kawaida hukosa sana mwanzoni, maana jicho lake limezoea kufidia zaidi. Kwa hiyo, kabla hujalipia wepesi wa ncha, jipime mkono. Fimbo inayobadilishwa kila mwezi haizoeleki, hata iwe ghali vipi.