Akikohoa Majini, Msimcheke!

Sisi vijana wa Homa Bay na Muhuru, Migori, hupenda kushindana kuogelea ziwani. Anayerudi ufukoni akikohoa huitwa mwoga. Hata mimi nimewahi kumcheka mwenzangu. Nilikosea!

Mtu akiwa majini hadi shingoni, maji humbana, damu ya miguuni ikakimbilia kifuani. Akijikakamua sana, hasa penye baridi, moyo huelemewa na majimaji ya damu huvuja mapafuni, hata kama hakumeza tone la ziwa. Madaktari wa Uingereza waliyaandika haya mwaka 1989.

Basi mwenzenu akihema na kutema povu lenye damu, mtoeni, mketisheni wima, mkimbizeni hospitali. Jamani, kicheko hakiokoi mtu. Tahadhari kabla ya hatari!