Kadi ya waranti haifai kujua unampigia nani kura

Wasee, leo tuongee kitu ambacho hapa kwetu hakuna mtu huongea. Mtu wa Marekani akinunua bastola mpya, ajaze ile fomu ya waranti ama aachane nayo?

Najua mnauliza inatuhusu nini. Hapa Kenya ukitaka bastola unapitia bodi ya kutoa leseni za silaha, na serikali inajua una bunduki gani kabla hata hujaizoea mkononi. Lakini ngojeni kidogo. Hii stori ni ya kila mtu amewahi kuandika namba yake ya simu kwa fomu bila kuuliza inaenda wapi.

Bastola ni mashine kama zingine. Ina springi, ina pini ya kugonga risasi, ina vyuma vidogo vinavyosukumana. Ikikuja na kasoro ya kiwandani, kampuni inafaa kuitengeneza. Kwa hivyo ndani ya boksi unapata kadi, ama siku hizi anwani ya tovuti, unaambiwa uandike nambari iliyochongwa kwenye chuma, tarehe ya kununua, duka, jina lako na mahali unaishi.

Hapo ndio watu hugawanyika. Kuna wale husema jaza, itakusaidia mbeleni. Kuna wale husema usijaribu, hiyo ni njia ya serikali kupata orodha ya watu wenye bunduki.

Hawa wa pili si wendawazimu. Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 1986 inayokataza serikali kuu kutengeneza sajili ya kitaifa ya bunduki za kawaida na wenyewe. Ukinunua kwa duka lenye leseni unajaza Fomu 4473, na hiyo fomu inabaki kwa mwenye duka, haiendi kukaa kwa kompyuta moja kubwa ya serikali. Majimbo mengine yana sheria zao, lakini kitaifa hiyo orodha imekatazwa. Watu wamepigania hicho kitu miaka mingi. Kwa hivyo ukimwambia mtu kama huyo ajisajili, hata kama ni kwa kampuni, anashtuka.

Sasa skizeni vile mambo yaligeuka. Oktoba 2024, shirika la habari la ProPublica lilitoa uchunguzi wake. Kwa karibu miaka 20, kampuni za bunduki, zikiwemo Glock, Smith & Wesson na Remington, zilikuwa zinapeana majina na anwani za wateja wao kwa National Shooting Sports Foundation, chama kinachotetea biashara ya bunduki. Taarifa zingine zilitoka kwa hizo hizo kadi za waranti. Zikawekwa pamoja, zikatumika kuwatafuta wenye bunduki wakati wa uchaguzi ili wapigie kura wagombea ambao biashara inawataka. Mwaka wa 2016 hata Cambridge Analytica waliingia hapo ndani. Chama chenyewe kinasema kila kitu kilifanywa kisheria.

Mmeona maajabu? Watu walikesha wakilinda mlango wa mbele serikali isiingie, na orodha ikatengenezwa jikoni, na watu waliokuwa wanajiita marafiki wao. Mtu alijaza kadi akidhani ni ya kutengenezewa springi ikivunjika. Kumbe ilikuwa inaenda kwa kampeni.

Ukifika hapa ni rahisi kusema basi, mtu asijaze. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya maisha ya watu.

Marekani iko na tume ya usalama wa bidhaa, Consumer Product Safety Commission, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Hao wanaweza kulazimisha kampuni irudishe kitu hatari, iwe kitanda cha mtoto ama mashine ya kukausha mkate. Lakini sheria yenyewe iliacha bunduki nje. Hiyo tume haiwezi kuambia kiwanda cha bastola kirudishe hata moja. Bastola ikiwa na kasoro, kampuni yenyewe ndio huamua kama itatangaza na vile itarekebisha.

Mfano ni SIG Sauer P320. Mwaka wa 2017 ilijulikana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka bila mtu kugusa kifyatulio. Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba wenye nazo wanaweza kuzituma zirekebishwe bila malipo. Ilikuwa hiari, si amri. Sasa fikiria jamaa mwenye hiyo bastola, hafuatiliagi habari, hakujaza chochote. Nani atampigia simu? Bastola inaanguka sakafuni siku ya kawaida na mtoto amekaa hapo kando.

Kwa hivyo kujaza fomu kunaweza kuokoa mtu, na ndio maana kuitumia kwa siasa kunaniudhi sana. Kampuni ikivunja uaminifu, mteja hujifunza kunyamaza, na mteja aliyenyamaza hapati onyo. Hasara hiyo hailipwi na waliopeana orodha. Inalipwa na yule jamaa na mtoto wake.

Na mjue hata waranti yenyewe mara nyingi haihitaji kadi. Kuna sheria ya Marekani ya 1975 inaitwa Magnuson-Moss. Kampuni ikikupatia waranti kamili, haiwezi kukunyima haki yako ati kwa sababu hukurudisha kadi. Waranti yenye mipaka inaweza kudai kadi, lakini lazima ikuambie mapema. Ruger wao waliamua hawatoi waranti ya maandishi kabisa, na kwa kitabu chao cha maelezo wanaeleza kwa nini hakuna kadi ndani ya boksi, huku wakisema bado wanasimama na bunduki zao. Kwa hivyo soma karatasi kwanza, na risiti weka mahali unaweza kuipata.

Msimamo wangu ni huu. Fomu ya waranti inahitaji vitu vitatu: nambari ya bastola, tarehe ya kununua, na njia moja ya kukupata kukiwa na hatari. Hivyo jaza. Mshahara wako, umri wako, hobi zako, ulinunua kwa nini, hizo ni biashara nyingine zimejificha ndani ya fomu ya waranti. Hizo acha wazi. Na sheria ingefaa iseme kwamba kilichokusanywa kwa usalama kikitumika kwa kampeni, mtu anajibu mahakamani.

Na sisi tusicheke Wamarekani. Juni 2021 Wakenya waliingia eCitizen kuangalia, wakajipata ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo. Mtu hajawahi kuhudhuria hata mkutano mmoja, lakini jina lake na namba yake ya kitambulisho viko hapo. Na wakati huo tulikuwa tayari na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo kifungu chake cha 25 kinasema data ikusanywe kwa sababu maalum na isitumike kinyume na hiyo sababu. Karatasi ni nzuri, lakini karatasi haisimami mlangoni ikiuliza watu wanaenda wapi.

Kila siku tunaandika jina, kitambulisho na simu kwa geti za majengo, kwa duka la simu, kwa mashindano ya redio. Askari wa geti akikuambia andika, unaandika. Uliza swali moja tu: hii inasaidia nini kwa kile nimekuja kufanya? Wakikosa jibu, hiyo nafasi iache tupu. Na wakikuambia ni lazima, waambie wakuonyeshe imeandikwa wapi.