Tanki tupu ni hasara kimbunga kinapokuja

KWA miaka mingi wakazi wa pwani ya Tanzania walizoea kusikia vimbunga kama habari za majirani. Leo ni Madagascar, kesho ni Msumbiji, keshokutwa ni Komoro. Mei 4, 2024 mazoea hayo yalivunjika baada ya Kimbunga Hidaya kufika katika Kisiwa cha Mafia.

Hidaya kilipungua nguvu kilipogusa nchi kavu. Hata hivyo, vyombo vya majini kati ya Dar es Salaam na Zanzibar vilisitisha safari, umeme ulikatika, na mvua kubwa zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika Wilaya ya Kilwa. Mfanyabiashara mwenye mzigo njiani alikwama nao, na mkulima mwenye mboga shambani hakuwa na njia ya kuzifikisha sokoni.

Swali kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo si kama kimbunga kingine kitakuja. Swali ni atafanya nini katika siku mbili au tatu ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) humpa kabla hakijafika. Siku hizo ni mtaji, na wengi huuacha upotee bure.

Wapo wanaodhani Hidaya kilikuwa bahati mbaya isiyojirudia. Historia inasema vingine. Aprili 15, 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, bei ya karafuu ikapanda, na tangu hapo kisiwa hicho kikawa kinara wa zao hilo. Kimbunga kimoja kilihamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Mwaka 1952 ikawa zamu ya Lindi. Aprili 25, 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Mtwara, na Desemba 15, 2024 Kimbunga Chido kikalipiga jimbo hilohilo.

Ni kweli kwamba pwani yetu iko karibu na ikweta, ambako vimbunga huunda kwa shida, na kwamba Madagascar hutukinga dhidi ya vingi vinavyotoka Bahari ya Hindi. Lakini kadiri mtu anavyokwenda kusini, kutoka Tanga hadi Mtwara, ndivyo kinga hiyo inavyopungua. Aidha, msimu wa vimbunga huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya kilikuja Mei, wakati ufuta wa mikoa ya kusini unakaribia kuvunwa.

Kinachowafanya wengi wasijiandae si ujinga. Ni hesabu waliyoipiga vibaya. Aprili 2021 ilitolewa tahadhari ya Kimbunga Jobo, lakini kikafifia kabla ya kuleta madhara makubwa. Aliyefunga duka na kuhamisha mali alijiona amepoteza siku, na tahadhari iliyofuata aliisikia kwa sikio moja.

Tuchukue mfano. Mkulima wa bustani ana tanki la plastiki, pampu na mabomba, vyote vikiwa na thamani ya sh 1,000,000. Kuvilinda kabla ya kimbunga kunamgharimu sh 20,000 kwa kibarua, kamba na maji ya kujaza. Kwa hesabu hiyo, hata kama tahadhari moja tu kati ya 50 ndiyo ingemletea hasara ya vifaa vyote, gharama ya kujiandaa mara zote 50 ingelingana na hasara hiyo moja. Ikiwa tahadhari moja kati ya 10 ni ya kweli, anayejiandaa kila mara atatumia sh 200,000 kuokoa sh 1,000,000.

Hapo bado hatujahesabu mazao. Nyanya au mchicha unaotegemea pampu hausubiri mkulima atafute fedha za tanki jipya.

Kosa la kwanza linalofanyika ni kumwaga maji ili tanki "lipumue" au ili lihamishwe kirahisi, kisha likaachwa nje tupu. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Tanki la lita 5,000 likijaa lina tani tano, na upepo hauwezi kulibeba. Likiwa tupu, watu wachache hulinyanyua, na upepo hufanya vivyo hivyo.

Nguvu ya upepo nayo haiongezeki kwa kujumlisha. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa kilometa 120 kwa saa husukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Tanki tupu likiondoka kwa nguvu hiyo, haliishii kuwa hasara ya mwenye nalo. Linaweza kuvunja paa la jirani au kuua mtu.

Kanuni hii inajulikana vizuri katika nchi zilizozoea vimbunga. Katika jimbo la Florida, Marekani, ambako msimu huanza Juni 1 hadi Novemba 30, nyumba nyingi zina mabwawa ya kuogelea na mabeseni ya maji moto ya nje, maarufu kama jakuzi. Ushauri unaotolewa huko ni kutoyamwaga maji. Beseni huachwa limejaa ili uzito ulishikilie, umeme wake huzimwa kwenye swichi kuu, na mfuniko hufungwa kwa mikanda. Hoteli za Zanzibar zenye mabeseni ya aina hiyo zinaweza kufuata utaratibu huohuo, na mwenye tanki la plastiki Kilwa anaweza kuufuata kwa gharama ndogo zaidi.

Hatua ya kwanza ni kujaza tanki hadi juu mara tahadhari inapotolewa, kabla umeme haujakatika. Koki ya kutolea maji ifungwe, ili bomba likivunjika maji yasimwagike na kuliacha tanki tupu katikati ya upepo. Mfuniko ukazwe na kufungwa kwa kamba. Bomba linaloleta maji ya paa litenganishwe, kwani mvua ya kimbunga huja na uchafu na chumvi ya bahari.

Tanki lililo chini lizungushiwe kamba imara au mikanda ya kufungia mizigo ya malori, kisha ifungwe kwenye vigingi vya chuma vilivyopigiliwa ardhini. Mfereji mdogo uchimbwe kuzunguka kitako chake ili maji yasichimbue udongo.

Hata hivyo, si kila tanki la kujazwa lilipo. Lililo juu ya mnara wa mbao uliochoka au wa chuma uliokula kutu ni hatari likijaa, kwa sababu tani kadhaa zitakuwa juu ya miguu isiyohimili upepo. Hilo lishushwe mapema, liwekwe chini mahali tambarare, ndipo lijazwe. Iwapo haliwezi kushushwa, watu na mifugo wakae mbali na mnara huo.

Tangi la chini ya ardhi lililojengwa kwa saruji nalo lisimwagwe. Udongo ukilowa, maji yaliyo chini yake husukuma kwenda juu, na tangi tupu linaweza kupasuka au kuinuka. Kwa upande mwingine, pampu ya juu ya ardhi ni nyepesi na ghali. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu na fundi aifungue, kisha ihifadhiwe ndani, mahali pa juu. Paneli za sola zinazofunguka zishushwe, na zisizofunguka zikazwe boliti.

Kwa mwenye duka kanuni ni ileile. Magunia yainuliwe kutoka sakafuni, meza na mabango ya nje yaingizwe ndani, na daftari la madeni lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Aidha, bima ya moto peke yake haimaanishi kwamba upepo na mafuriko vimo. Mwenye bima amuulize wakala wake kabla ya msimu, kwa maandishi.

Kazi hizi zina mwisho wake. TMA hutoa taarifa zake kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Anayeanza kazi katika angalizo ana muda wa kupata kibarua kwa bei ya kawaida. Anayesubiri ngazi ya juu atagombea kamba na mafundi pamoja na kijiji kizima. Na upepo ukishaanza, hakuna tanki linalostahili mtu kutoka nje.

Baada ya kimbunga kupita, haraka ndiyo huharibu vilivyosalimika. Pampu iliyoingiwa na maji ikiwashwa kabla ya kukauka huungua. Iliyopata maji ya bahari isuguliwe kwa maji baridi, ikaushwe na kukaguliwa na fundi ndipo irudishiwe umeme. Jenereta isiwashwe ndani ya chumba au duka, kwani moshi wake una sumu inayoua bila harufu ya kumshtua mtu. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yasinywewe kabla ya kisima kusafishwa na kuwekwa dawa ya klorini.

Hapo ndipo faida ya pili ya tanki lililojaa inapoonekana. Umeme ukikatika, pampu za mji na za vijiji husimama, na visima vifupi huchafuka. Mwenye lita 5,000 za maji safi anaweza kunywesha familia na mifugo, kuokoa kitalu, na kumsaidia jirani. Na kama kimbunga kitafifia baharini kama Jobo, maji hayo hayajapotea. Yatamwagilia bustani wiki hiyohiyo. Kwa hiyo gharama ya tahadhari isiyotimia ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Halmashauri za pwani nazo zina sehemu yao. Maofisa ugani wanaofundisha upandaji wa korosho na ufuta wanaweza kufundisha pia namna ya kufunga tanki na kushusha pampu, na mikutano ya vyama vya ushirika kabla ya Novemba ni mahali pazuri pa kuanzia. Wauzaji wa matangi nao wangewasaidia wateja wao kwa kuwaeleza namna ya kuyatia nanga, badala ya kuishia kwenye risiti.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa mkulima wa Mafia, Kilwa, Lindi au Mtwara, tahadhari hiyo inaanza kwa kazi ya nusu siku. Tanki lijazwe, koki ifungwe na pampu iingizwe ndani.