Hiyo Iko Kwa Silabasi?

Katika madarasa yetu kuna swali linalopendwa kuliko yote: "Mwalimu, hiyo iko kwa silabasi?" Jibu likiwa "la", kalamu zinawekwa chini na miayo inaanza. Atakayeendelea kuuliza huchekwa, eti anapotezea wenzake wakati. Mimi naipinga tabia hiyo, na shahidi wangu ni nzi.

Mwaka wa 1961 Osamu Shimomura, mwanasayansi kutoka Japani, alikwenda Friday Harbor, Marekani, kuvua yavuyavu, wale wanyama wa baharini walio laini kama jeli. Alitaka kujua jambo moja tu: mbona wanang'aa? Hakuwa akitafuta dawa wala kujiandaa kwa mtihani. Mwaka wa 1962 yeye na wenzake walieleza kwamba wamepata ndani yao protini inayong'aa kijani ikimulikwa.

Ikapita miaka zaidi ya thelathini. Mnamo 1994 Shengxian Wang na Tulle Hazelrigg wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliunganisha jeni ya protini hiyo na jeni ya protini moja ya nzi wa matunda, iitwayo Exuperantia. Seli za nzi zikaitengeneza zenyewe, ikawa inatembea na taa yake kama mlinzi wa usiku! Protini hii husaidia kupeleka ujumbe upande wa yai ambako kichwa cha nzi kitatokea. Zamani, aghalabu seli iliuawa kwa kemikali ndipo ipakwe rangi. Ukawa unatazama maiti. Kwa taa hii, mtu huiona seli kwenye hadubini ikifanya kazi ingali hai. Mwaka wa 2008 Shimomura, pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Najua mtaniambia, "Wewe, KCSE haingoji mtu!" Ni kweli. Hata mimi nazitaka alama, maana karo ya wazazi si mchezo. Lakini swali la dakika mbili halijamwangusha mtu mtihani. Kinachotuangusha ni kukariri tusichokielewa.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu watutengee dakika tano mwishoni mwa kipindi, za maswali yasiyo kwenye silabasi. Nasi wanafunzi tuache vicheko. Anayetaka kujua kwa nini kimulimuli huwaka, mwacheni aulize.