Mlinzi wa getini ana cheti, mhandisi je?

Na Kulwa Masunga, Kahama

Ukifika kwenye geti la mgodi huku kwetu, iwe Kahama au Geita, anayekupekua huenda amepitia JKT au mgambo. Cheti cha mafunzo hayo ndicho kilichompa kazi. Hakuna aliyemhoji alilinda nini huko nyuma.

Ndani ya ofisi mambo ni mengine. Kijana wa jirani yangu aliandika programu jeshini miaka saba, akaacha, akaomba kazi mgodi mmoja. Kwenye usaili akaambiwa: tuonyeshe ulichotengeneza. Akanyamaza. Kiapo cha siri hakivuliwi pamoja na gwanda, na miaka yake saba ikabaki mstari mmoja kwenye wasifu. Sasa anafunga mifumo ya mauzo madukani. Ni riziki, lakini mgodi ulimkosa mtu.

Kinachonichekesha ni kwamba vifaa vya jeshi vilishavuka zamani kuja uraiani. GPS, inayowaongoza wapimaji migodini na bodaboda mjini, ni ya jeshi la Marekani. Hadi Mei 2000 jeshi hilo lilikuwa likivuruga makusudi mawimbi ya raia; kipimo kiliweza kukosea hata mita 100. Rais Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na mwaka huohuo mgodi wa Geita ukaanza kutoa dhahabu. Chombo kimepita getini, aliyekisomea yuko nje.

Kinyume chake, kutoka mgodini kwenda jeshini, pia ni kigumu. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji 2009, ukaacha 2021. Mgodi ni mgonjwa ambaye tarehe ya kifo chake inakadiriwa tangu kuzaliwa, ilhali mafundi wa mifumo hawaandaliwi pa kwenda. Jeshini? Matangazo ya kujiunga yana ukomo wa umri. Mtu wa miaka 38 mwenye watoto watatu hataanza na kwata.

Lakini mgambo tunao. Mkulima hufunzwa, akarudi shambani, akaitwa akihitajika. Kwa nini mhandisi wa mgodi wa Bulyanhulu asiitwe wiki mbili kwa mwaka kusaidia kulinda mifumo ya nchi, kisha arudi kazini kwake? Naye anayeacha jeshi apewe karatasi yenye mhuri inayotaja ujuzi, siyo siri: lugha za programu anazozijua, aliongoza watu wangapi, kwa muda gani.

Yule wa getini anayo ya kwake. Juzi alinionyesha, ameifunga kwenye nailoni isilowe.