Singeli inastahili albamu

Aliyeandika gazetini kwamba singeli ni muziki wa vigodoro tu, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, haustahili albamu, amekosea, tena pakubwa. Mwaka 2012 Jagwa Music, wana mchiriku, muziki uliozaa singeli, wa Dar es Salaam, walitoa Bongo Hotheads kupitia Crammed Discs ya Ubelgiji. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za singeli za studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Hizo si albamu?

Eti pia singeli haina asili! Aje Kisarawe siku mwali anapotolewa ndani, asimame pembeni mdundiko ukipita: wapigaji wanatembea huku ngoma zinalia, kinamama wanaitikia, vumbi limewafika magotini, na hakuna anayepunguza mwendo. Ngoma hizi za Kizaramo ndizo zilizolea mchiriku. Vijana wakaongeza kinanda kidogo cha Casio, kisha maprodyuza wa singeli wakaukimbiza muziki hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Anayeuita muziki huu kelele hajakaa akausikiliza. Auchambue wimbo kwa wimbo, kama anavyochambua bongo fleva, ndipo tubishane.