Kabla ya kuuliza bei, tuulize freni

Ninazungumza na familia zilizoacha vijiji vyao juu ya vita na sasa zinaishi katika nyumba za watu waliozipokea. Ninyi ndio mnaosafiri bila kuchagua siku wala chombo, na ni juu yenu hasa ninaandika leo.

Mtu akifika kwenye parkingi, anauliza maswali matatu. Bei gani? Tunaondoka saa ngapi? Nafasi iko? Akipata majibu anapandisha mtoto, godoro, sufuria na dumu la mafuta ya mawese, kisha yeye mwenyewe anapanda juu. Swali la nne halitoki mdomoni: freni inashika?

Maoni yangu ni haya. Freni haifi siku ya ajali. Inakufa polepole, wiki baada ya wiki, mbele ya macho yetu wote: mwenye chombo, dereva, fundi, abiria. Kwa hiyo kuitunza ni kazi ya wote, na hatuna haki ya kusema "ni mapenzi ya Mungu" kwa jambo ambalo ekru moja ingelizuia.

Tuanze na kazi yenyewe ya freni. Wengi wanafikiri freni inakula mwendo ukapotea tu. Mwendo haupotei. Unageuka kuwa joto. Garnitire zinapobana tamburi, ao plaketi zinapobana disiki, nguvu yote ya chombo kinachokimbia inaingia katika chuma kile na kukichoma. Ndiyo maana baada ya mteremko mrefu ukigusa tamburi utaungua kidole.

Hesabu ni rahisi, na inatisha kidogo. Kamyo yenye uzito wa tani 15, pamoja na mizigo na watu, ikishuka kilima ambacho kilele chake kiko mita 100 juu ya bonde, na dereva akitegemea freni peke yake, joto linaloingia katika freni linatosha kuchemsha maji ya madumu mawili ya lita 20. Pikipiki yenye motari, abiria wawili na mizigo, jumla kilo 350, ikishuka kilima hichohicho, inatoa joto la kuchemsha lita moja ya maji. Joto hilo lote linaingia katika tamburi mbili ambazo kila moja haizidi ukubwa wa sahani ndogo.

Na mwendo unaharibu kuliko uzito. Ukiongeza mizigo mara mbili, joto linaongezeka mara mbili. Lakini ukitoka kilomita 30 kwa saa ukafika 60, kazi ya kusimamisha chombo inakuwa mara nne. Motari anayekimbia ili arudi haraka kuchukua abiria mwingine, anailipa haraka yake kwa garnitire.

Kuna watu duniani wanaoijua hesabu hii kuliko sisi: wale wanaoendesha magari ya mashindano. Kwa jirani zetu wa Kenya kuna Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na tangu 2021 imerudi katika mashindano ya dunia, upande wa Naivasha. Barabara zake ni vumbi, mawe na matope, sawa na zetu. Kati ya sehemu moja ya mbio na nyingine, mafundi wanapewa muda wa kukagua gari. Hata watu wa kawaida wa Ulaya wanaopeleka magari yao kwenye uwanja wa mbio kwa siku moja ya kujifurahisha wana kanuni zao. Kabla ya siku hiyo wanabadilisha mafuta ya freni. Wanapima unene wa plaketi. Mzunguko wa mwisho wanaendesha polepole bila kukanyaga freni sana, ili chuma kipoe. Na wakisimama, hawavuti freni ya mkono juu ya chuma kinachowaka.

Angalieni tofauti. Yule anakimbia katika uwanja uliofungwa, hana mzigo, hana mtoto mgongoni, na mara nyingi watu wa kutoa msaada wako karibu. Bado anaogopa freni yake. Sisi tunashuka vilima vya Kabambare na watu juu ya magunia, mvua inanyesha, hospitali iko mbali, na freni hatuiulizi. Nani kati yetu alipaswa kuwa na woga zaidi?

Sasa niseme tabia zinazoua freni zetu. Nimeishi katika barabara hizi nikitafuta habari, na ninaziona karibu kila safari.

Ya kwanza ni pwamori. Shoferi ao motari anafika juu ya kilima, anatoa vitesi, wengine wanazima kabisa moteri, chombo kinateremka chenyewe. Anasema anaokoa mafuta. Lakini moteri ikiwa ndani ya vitesi ndogo, yenyewe ni freni ya kwanza. Inashikilia magurudumu bila kuchoma kitu. Ukiitoa, kazi yote inabaki kwa garnitire. Kwa kamyo yenye freni za upepo ni hatari zaidi: moteri ikizimwa, pampu ya upepo inasimama, na kila mara unapokanyaga pedali upepo uliobaki unapungua. Kanuni ya madereva wa zamani bado ni nzuri: kilima kishukie kwa vitesi ambayo ungetumia kukipanda, na uiweke kabla mteremko haujaanza. Ukiisha kukimbia, vitesi haiingii tena. Hapo konvwayeri anaruka chini na kipande chake cha mti kuzuia tairi. Kipande kile kinaweza kushika kamyo iliyosimama. Kamyo inayoteremka kwa kasi hakiishiki.

Ya pili ni maji. Tunavuka mito na madimbwi, maji yanaingia ndani ya tamburi, na garnitire iliyolowa inateleza. Dawa yake haina bei: ukitoka majini, endesha polepole mita chache huku unafinya freni kidogo kidogo mpaka usikie inashika tena. Kwa kamyo za upepo, maji yanajikusanya ndani ya matangi ya hewa. Yafunguliwe kila siku yatoke. Ni kazi ya dakika chache.

Ya tatu ni mafuta ya freni. Mafuta haya yanavuta maji kutoka hewani, hata katika chupa iliyofunguliwa na kuachwa mezani. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. DOT 4, nyuzi 230. Yakiisha kunywa maji, kipimo hicho kinashuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka ndani ya bomba, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, na gari halisikii. Kwa hiyo chupa ifunguliwe siku ya kutumiwa, na mafuta ya zamani yabadilishwe yote. Na mtu asikubali kuwekewa mafuta ya moteri ao maji ya sabuni mahali pa mafuta ya freni. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira ya ndani. Maji ya sabuni yanaozesha chuma na kuchemka upesi. Siku ya kwanza pedali itakuwa ngumu na utafurahi. Siku ya kilima utalia.

Ya nne ni kufikiri kwamba kubana ekru ni kutengeneza. Kadiri garnitire inavyoisha, fundi anabana ekru ya freni ya nyuma, pedali inapanda, kazi imekwisha. Lakini kubana hakurudishi garnitire iliyoliwa. Pikipiki nyingi zina alama pale kwenye mkono mdogo wa freni, kando ya gurudumu: kuna mshale, na kuna mstari. Freni ikifinywa na mshale ukapita mstari, garnitire imekwisha. Usibane tena, badilisha. Na pedali iwe na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kabla ya kushika. Ikiwa ngumu kabisa bila nafasi, garnitire inasugua njia nzima na kuungua bila wewe kujua.

Najua majibu ya wamotari, maana tunazungumza nao kila siku. "Ndugu, unasema kweli, lakini jioni mwenye pikipiki anangoja versema yake. Piesi ni bei. Nikinunua garnitire, watoto watakula nini?" Jibu hilo lina uzito, sitalidharau. Barabara ni mbovu, piesi zinatoka mbali, na kila bariyeri ina bei yake. Lakini linaonyesha pia mahali tatizo lilipo. Mwenye pikipiki anapokea pesa kila jioni, na uchakavu anamwachia kijana. Hiyo si haki. Versema inalipa matumizi ya chombo kizima, na freni ni sehemu ya chombo. Mwenye pikipiki ao kamyo anayetaka faida anunue garnitire na plaketi yeye mwenyewe, nje ya versema. Akikataa, anakodisha hatari, na abiria ndiye anayelipa.

Tena, nusu ya yale niliyoyataja hayana bei. Kushuka kwa vitesi ndogo ni bure. Kutoa maji katika tangi ni bure. Kuangalia mshale ni bure. Kumshusha mama mjamzito na mzigo kabla ya kilima kikali, atembee kwa mguu na kumngojea chini, ni bure pia. Umaskini hauzuii mambo hayo.

Sheria iko. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 mwezi wa nane mwaka 1978, ni ya zamani kuliko wengi wetu. Lakini kwenye bariyeri tunaulizwa karatasi na tunaulizwa pesa, freni haiulizwi. Siombi bariyeri nyingine, zilizopo zinatosha. Naomba vyama vya wamotari na vya mashoferi vifanye wenyewe: siku moja kila wiki, asubuhi kabla ya kazi, fundi mmoja anayeaminiwa apite parkingini na kuangalia freni. Isiyoshika haipakii abiria siku hiyo. Asiombwe mtu pesa ya ukaguzi, maana siku pesa itakapoingia, freni mbovu zitapita tena. Mtasema chama kitapoteza wateja. Mimi naona kinyume: parkingi itakayojulikana kwamba freni zake zinashika, kina mama wataitafuta.

Neno langu lingine ni kwa wote wanaokodi kamyo za kubeba chakula, mbegu, ao watu waliokimbia. Wanahesabu magunia, wanahesabu mafuta, wanatia sahihi. Waongeze mstari mmoja katika mkataba: freni zikaguliwe kabla ya kupakia, mbele ya mtu wa pande zote mbili. Na watu wasipandishwe juu ya mizigo. Familia iliyookoka risasi haipaswi kufia kwenye mteremko ikienda kuchukua unga.

Na ninyi abiria, hasa ninyi mliohama, mtaniambia hamna nguvu ya kuchagua. Nguvu ndogo mnayo. Kabla ya kupanda pikipiki, mwambie motari kwa heshima: "Mwanangu, ifinye tuone." Aisukume, afinye freni ya mbele, kisha ya nyuma. Kila gurudumu lifunge. Sikiliza: kama chuma kinalia juu ya chuma, garnitire imekwisha. Njiani mkisikia harufu ya kuungua, ombeni kusimama, freni ipoe yenyewe, isimwagiwe maji ya baridi, maana chuma chenye joto kali kinaweza kupasuka. Kwa kamyo, muulizeni konvwayeri kama maji ya tangi yametolewa leo. Akishangaa swali lenu, mmeshapata jibu.

Mtu mmoja akiuliza, motari atacheka. Kumi wakiuliza siku moja, atakwenda kwa fundi kabla ya jioni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ufa huo ni mshale mdogo kando ya gurudumu, na kila mtu mwenye macho anaweza kuuona kabla ya kupanda.